Bach alimtumia mkubwa wa Berlin koncheto 6, mkubwa akauchuna. Dharau au kuna tusichokijua?

Mtwana wa Nota (#1)
Wakuu, habari za jioni.

Tarehe 24 Machi 1721, mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach, akiwa mwanamuziki wa ikulu ndogo ya Köthen, alimaliza nakala safi ya koncheto 6 (tungo za kikundi ambamo baadhi ya ala hung'ara mbele ya nyingine), kaziandika kwa mkono wake mwenyewe, mistari imenyooka utadhani kapiga chapa. Mbele akabandika barua ya Kifaransa yenye unyenyekevu wa kugusa sakafu, akazipeleka Berlin kwa Christian Ludwig, mtawala wa Brandenburg. Ndizo hizi tunazoziita Koncheto za Brandenburg.

Kilichofuata? Kimya. Hakuna asante, hakuna mshiko, hakuna kazi. Bwana alipofariki mwaka 1734 mali zake zikathaminiwa, na koncheto zote 6 zikapewa bei ya groschen 24. Groschen na thaler zilikuwa fedha za Ujerumani ya wakati ule, na groschen 24 ni thaler 1. Bach pale Köthen alikuwa analipwa thaler 400 kwa mwaka.

Hoja yangu: hawa makabaila wa karne ile tunawasifia bure kwamba "walifadhili sanaa". Walikuwa wanataka sifa tu, na mwanamuziki kwao alikuwa mtumishi wa nyumba. Nipingeni kwa hoja.

Pwaguzi (#2)
Nimekaa siti ya mbele. Waje wajuzi.

Bibi Fidla (#3)
Mleta mada, umeanza vizuri ila rekebisha kidogo. Christian Ludwig hakuwa mtawala wa Brandenburg. Mwenye nchi alikuwa mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm wa Kwanza. Christian Ludwig alikuwa mtoto wa yule Friedrich Wilhelm aliyeitwa Mteule Mkuu, kwa mke wa pili, kwa hiyo ni ndugu wa baba mmoja na mfalme aliyetangulia. Cheo cha margrave (cheo cha kikabaila) alikuwa nacho, nchi ya kuongoza hakuwa nayo. Alikaa Berlin anakula pato lake na kusikiliza muziki.

Na hilo jina la Brandenburg Bach hakulijua. Alilizua Philipp Spitta, mwandishi wa maisha ya Bach, katika karne ya 19. Bach aliandika tu kwamba ni koncheto 6 za ala mbalimbali.

Mkulima wa Mbozi (#4)
Kwa hiyo alikuwa baba mdogo wa mfalme! Basi nimeelewa kwa nini hela haikutoka. Baba wadogo ndivyo walivyo, kwenye kikao cha harusi anaongea kuliko wote halafu mchango hauonekani.

Fundi Nyuzi (#5)
Watu mnakimbilia dharau wakati jibu liko kwenye ala zenyewe. Angalieni alichoomba Bach:

Ya 1 inataka pembe mbili za kuwindia, oboe tatu, besuni na fidla ndogo iliyotuniwa juu. Ya 2 inataka tarumbeta linalopanda juu mpaka mpigaji anaona nyota. Ya 3 ni fidla 3, viola 3 (fidla kubwa kidogo, sauti ya chini zaidi), chelo 3. Ya 4 fidla ya kukimbia na filimbi mbili. Ya 5 filimbi ya kulaza, fidla na hapsikodi, kinanda cha zamani cha nyuzi. Ya 6 haina fidla hata moja.

Sasa kumbukeni mfalme alipoingia madarakani mwaka 1713 alifukuza wanamuziki wa ikulu. Hela aliipeleka jeshini, si ndiyo maana wakamwita Mfalme Askari. Berlin ikakauka. Huyu baba mdogo alikuwa na kikundi chake binafsi, kidogo. Umletee mtu mwenye kikundi kidogo kazi ya tarumbeta, pembe na oboe tatu, atafanya nini? Ataweka kabatini. Hakuna dharau hapo, hakuna wapigaji tu.

Mtwana wa Nota (#6)
Fundi, hiyo inamfanya Bach aonekane mjinga. Aliandikaje kitu kisichopigika kwa mtu anayemtaka?

Fundi Nyuzi (#7)
Aliandika kwa wapigaji aliokuwa nao yeye. Wale waliofukuzwa Berlin 1713 unajua baadhi walikwenda wapi? Köthen! Leopold, bwana wa Köthen, alikuwa kijana aliyesoma Berlin, akawanyakua. Bach alipofika mwishoni mwa 1717 alikuta kikundi cha watu kama 17, wengine wametoka kwa mfalme moja kwa moja. Na Köthen ilikuwa nyumba ya Kikalvini, kanisani hawakutaka mbwembwe za muziki, kwa hiyo nguvu yote ikaenda kwenye muziki wa chemba. Leopold mwenyewe alipiga fidla, hapsikodi na viola da gamba, ala ya nyuzi inayobanwa kati ya magoti.

Bibi Fidla (#8)
Fundi uko sawa kuhusu Köthen. Ila kuhusu kikundi cha Christian Ludwig unakisia, na ile groschen 24 ya mleta mada ndiyo inanikera zaidi, maana kila mahali inarudiwa kama bei ya mnadani.

Iko hivi. Alipokufa iliandikwa orodha ya mali ili warithi wagawane. Kuna koncheto zilizotajwa kwa jina la mtunzi, Vivaldi yumo. Jina la Bach halimo. Kisha kuna mafungu yasiyo na majina, mojawapo ni koncheto 77 za watunzi mbalimbali, kila moja groschen 4. Spitta akasema za Bach lazima zilikuwa kwenye mafungu hayo. 6 mara 4 ni 24, hadithi ikazaliwa. Ni hesabu ya mthamini anayetaka warithi wasigombane, wala hakuna aliyesimama akazinunua kwa bei hiyo kwa kuzidharau.

Pwaguzi (#9)
Mleta mada kimyaaa. Naona anatafuta kalkuleta.

Mtwana wa Nota (#10)
Nipo, napika. Haya, bei tuiache. Lakini jina la Bach kutokuwemo kwenye orodha kunanisaidia mimi! Vivaldi anatajwa, Bach anatupwa kwenye fungu la "wengineo". Hiyo si dharau ni nini?

Wakili wa Kijiweni (#11)
Mimi sijui muziki lakini ushahidi naujua. Kutoonekana kwa risiti hakuthibitishi kwamba hela haikulipwa. Bwana mkubwa wa namna hiyo angeweza kutoa mfuko wa sarafu mkononi, nani aandike? Hadithi ya "hakulipwa" mmeijenga juu ya karatasi isiyokuwepo. Labda aliyeleta bahasha kutoka Köthen alirudi nayo imejaa.

Mbongo Spree (#12)
Salaam kutoka Berlin. Naishi huku na Jumapili moja nilikwenda jumba la Charlottenburg. Kuna hapsikodi nyeupe imechorwa michoro ya Kichina ya kubuni, inasemekana ni kazi ya Michael Mietke, fundi wa ikulu. Ukiinama unaona kila nota ina kijiti chembamba, na enzi hizo kwenye kijiti kilichomekwa kipande cha unyoya wa ndege kinachodonoa waya. Hata ukibonyeza kwa hasira sauti ni ileile. Ndiyo maana mlinzi alishangaa nimekaa pale muda wote naangalia vijiti, wenzangu wanapiga picha dari.

Kwa nini nawaambia? Kwa sababu Mietke ndiye aliyemleta Bach Berlin. Machi 1719 Köthen walitoa thaler 130 kwa ajili ya hapsikodi iliyotengenezwa Berlin, Bach akaifuata. Wengi wanaamini hapo ndipo alipompigia Christian Ludwig. Na barua ya 1721 inasema wazi: nilipata bahati ya kupiga mbele yako, nikaona umefurahi, na wakati naaga uliniagiza nikutumie baadhi ya tungo zangu.

Kwa hiyo, mleta mada, hakuwa amejipeleka. ALIAGIZWA. Na alichelewa kama miaka miwili!

Mkulima wa Mbozi (#13)
Sasa nani alimuuchunia nani? Baba mdogo kakaa miaka miwili anachungulia dirishani, tarishi haji. Mimi ningenuna.

Dada Kontralto (#14)
Nimefuatilia toka mwanzo, ngoja nichangie. Mimi naona ilikuwa barua ya kuomba kazi iliyovaa nguo za zawadi. Mwisho wa ile barua Bach anasema hana analotamani zaidi ya kutumiwa katika nafasi zinazomstahili bwana huyo na utumishi wake. Hiyo ni lugha ya mtu anayetafuta mlango.

Na alikuwa na sababu. Julai 1720 alirudi kutoka Carlsbad alikokwenda na Leopold kwenye maji ya tiba (bwana alisafiri na wanamuziki wake, ndiyo maisha hayo). Alipofika nyumbani akakuta mkewe Maria Barbara ameshafariki na ameshazikwa. Alimuacha mzima. Mwishoni mwa mwaka huohuo akaomba kazi ya kinanda Hamburg, kanisa la Mtakatifu Yakobo. Kazi akaipata aliyetoa mark 4,000 (fedha ya Hamburg) kwenye mfuko wa kanisa. Miezi michache baadaye ndiyo tunaiona bahasha ya Berlin. Mtu wa hivyo hapeleki zawadi kwa kujifurahisha.

Mtwana wa Nota (#15)
Dada Kontralto umeniunga mkono bila kujua. Aliomba kazi, akanyimwa. Na Köthen yenyewe ikaharibika baada ya Leopold kuoa Desemba 1721, mke hapendi muziki, bajeti ikakatwa, Bach akakimbilia Leipzig.

Bibi Fidla (#16)
Polepole. Habari ya mke asiyependa muziki inatoka kwa Bach mwenyewe, barua kwa rafiki yake Georg Erdmann, Oktoba 1730, miaka kadhaa baadaye na wakati anatafuta kazi nyingine tena. Huyo bibi alifariki mapema Aprili 1723, na Bach akahamia Leipzig mwezi uliofuata. Kama tatizo lilikuwa mke, tatizo lilikuwa limeshaondoka. Katika barua hiyohiyo anataja masomo ya wanawe. Mzazi wa Kilutheri, mji wa Kikalvini, watoto wanakua, Leipzig ina shule na chuo kikuu. Mimi naipa uzito sababu hiyo kuliko mke wa watu.

Na wala hawakugombana. Aliendelea kushika cheo cha Köthen mpaka Leopold alipofariki Novemba 1728, na Machi 1729 akaenda kumpigia muziki wa mazishi. Kabaila anayekutumikisha kama mtwana humfanyii hivyo.

Mtwana wa Nota (#17)
Na yule bwana wake wa kabla ya Köthen, wa Weimar, aliyemtia ndani je? Wilhelm Ernst alimweka Bach kizuizini kuanzia Novemba 6 mpaka Desemba 2, 1717. Kosa lake: kung'ang'ania aruhusiwe kuacha kazi. Mfanyakazi anaomba kuondoka unamfunga! Bibi, hapo nako utasema ni masomo ya watoto?

Bibi Fidla (#18)
Hapo sina cha kumtetea. Ila Bach naye tangu Agosti alikuwa ameshakubaliana na Köthen kabla hajaruhusiwa. Kwa sheria za wakati ule hiyo ilikuwa kesi.

Zumari la Mtaa (#19)
Wakuu, mimi nimepiga gitaa kwenye bendi ya dansi na nawaambia huyu Christian Ludwig namjua, nimemuona kwa macho. Ni pedeshee. Anakuja ukumbini, anataka jina lake litajwe kwenye wimbo, akitajwa anasimama anatunza noti moja moja ili watu waone. Mwaka fulani mgombea mmoja alituagiza wimbo wa kampeni. Tukakesha studio, jina lake limetajwa kila kiitikio, tukapeleka. Simu haikupokelewa tena mpaka leo. Kibaya zaidi wimbo uliendelea kupigwa kwenye gari lake la matangazo, tunausikia unapita tukiwa tunakula chipsi kwa mkopo.

Mkulima wa Mbozi (#20)
Pole kaka. Ila na nyie mkatangulia kazi kabla ya malipo!

Kadinali wa Ilala (#21)
Msiwapake wote matope. Nendeni Roma. Arcangelo Corelli aliishi kwenye jumba la Kadinali Pietro Ottoboni, aliyepewa ukadinali akiwa na miaka 22 kwa sababu babu yake mdogo alikuwa Papa (upendeleo wa ndugu haukuanza jana). Kila Jumatatu jumba linajaa muziki. Angalieni Corelli alivyopangilia tungo zake: sonata za kwanza, 1681, kwa Malkia Christina aliyeacha kiti cha Sweden, za pili, 1685, kwa Kadinali Pamphili, za tatu, 1689, kwa mtawala wa Modena, za nne, 1694, kwa Ottoboni, za tano, 1700, kwa Sophie Charlotte wa Brandenburg. Kila kitabu na mkubwa wake. Alipofariki 1713 alikuwa mtu mwenye uwezo, na amezikwa Pantheon. Ottoboni ndiye aliyekufa na madeni.

Kwa hiyo kuna kabaila aliyefilisika kwa ajili ya sanaa. Huyo naye alitaka sifa tu?

Mtwana wa Nota (#22)
Ndiyo. Alinunua sifa kwa mkopo.

Kijana wa Kwaya (#23)
Mbona hamjataja Goldberg? Balozi Keyserlingk alikuwa hapati usingizi, akamuagiza Bach atunge kitu cha kupigiwa usiku na kijana wake Goldberg, kisha akamlipa kikombe cha dhahabu chenye louis d'or 100, sarafu za dhahabu za Kifaransa. Huyo ndiye bosi!

Bibi Fidla (#24)
Hiyo ni chai, mwanangu, ingawa tamu. Imeandikwa na Forkel, mwandishi wa maisha ya Bach, mwaka 1802, zaidi ya miaka 50 baada ya Bach kufa. Kitabu cha muziki wenyewe kilichochapwa 1741 hakina hata neno la kumtunuku Keyserlingk, na Goldberg alizaliwa 1727, piga hesabu. Kwa adabu za wakati ule, ukipewa kikombe cha dhahabu jina la bwana linakaa ukurasa wa kwanza.

Kijana wa Kwaya (#25)
Bibi unavunja nyoyo za watu saa hizi za usiku.

Mbongo Spree (#26)
Mkitaka kujua upendeleo ulivyokuwa, tazameni ikulu ya Friedrich wa Pili, mtoto wa yule Mfalme Askari. Yeye alipiga filimbi. Mwalimu wake wa filimbi, Quantz, alipewa thaler 2,000 kwa mwaka, na akitunga kitu au akichonga filimbi mpya analipwa zaidi. Carl Philipp Emanuel Bach, mtoto wa mzee wetu, aliyekaa kwenye hapsikodi akimsindikiza mfalme usiku kwa usiku, alianza na 300. Kosa lake ni kupiga ala isiyokuwa ya mfalme.

Mzee alipokwenda Potsdam Mei 1747 mfalme akampa mada aifanyie kazi papo hapo. Mwaka huohuo mzee akamtunukia kitabu kilichochapwa, ndani kuna sonata ya filimbi kwa sababu anajua bwana anapiga nini. Hapo alikuwa ameshajifunza kusoma mteja.

Mwana Mji Mkongwe (#27)
Hata kwetu Zanzibar taarab iliingia kwa mlango wa jumba. Inasimuliwa Seyyid Barghash ndiye aliyempeleka Mohammed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi, aje apigie kasri. Vyama vya watu wenyewe kama Ikhwani Safaa, 1905, vikaja baadaye. Kwa hiyo mleta mada, bila mabwana ungeanza wapi?

Pwaguzi (#28)
Uzi ulianzia Köthen, uko Forodhani sasa unakula urojo. Turudini.

Wakili wa Kijiweni (#29)
Mimi nauliza swali dogo. Hakukuwa na njia ya kuishi bila hawa mabwana?

Kadinali wa Ilala (#30)
Ilikuwepo, muulize mtunzi Telemann. Akiwa Hamburg, mji wa wafanyabiashara, mwaka 1733 alitoa Muziki wa Mezani kwa kuchangisha wanunuzi kabla ya kuchapa. Zaidi ya watu 200 walijiandikisha, Handel akiwa London naye yumo. Mwenzake Vivaldi alibaki kwenye njia ya zamani: Misimu Minne ilitoka 1725 ikiwa imetunukiwa Kabaila Morzin wa Bohemia. Miaka 15 baadaye akamfuata Kaisari Karl wa Sita Vienna, Kaisari akafariki Oktoba 1740, na Julai 1741 Vivaldi akafia hukohuko akiwa hana kitu. Ukitegemea mtu mmoja, presha yake ni presha yako.

Dada Kontralto (#31)
Lakini wale 200 wa Telemann wengi si walikuwa wakubwa hao hao na matajiri? Amegawanya tu bwana mmoja kuwa vipande.

Fundi Nyuzi (#32)
Mimi narudi kwenye ya 6, maana hakuna anayeigusa. Sikilizeni mwanzo wake. Viola mbili zinaimba wimbo uleule, ya pili inaanza ikiwa imechelewa nusu pigo tu, inaikanyaga ya kwanza visigino mpaka ukutani. Chini yake viola da gamba mbili zinapiga vitu vyepesi, tii-tii-tii. Kwa kawaida ilikuwa kinyume: gamba ndiyo ala ya waungwana, viola ni ya wanaojazia. Bach kageuza meza. Baadhi ya wataalamu wanasema gamba mojawapo ilikuwa ya Leopold, kwa hiyo mtumishi kampa bwana wake kazi rahisi ili asiaibike, halafu kachukua viola mwenyewe na kuondoka na wimbo. Hicho ndicho kicheko chake.

Bibi Fidla (#33)
Nimekipenda, Fundi, lakini wapo wanaosema ya 6 ni ya zamani, ya Weimar, kabla hajaingia kwa Leopold. Ya 1 nayo ina toleo lake la mapema. Yaelekea alikusanya vilivyokuwepo akachagua 6 vinavyotofautiana kabisa, ili kuonyesha anachoweza. Ikiwa ni hivyo wala hakufikiria nani Berlin atapiga, na ile nakala safi haikuhitaji kupigwa ili ifanye kazi yake.

Mtwana wa Nota (#34)
Yaani nyote mnakubali ilikuwa ya kabatini, mnabishana tu nani kafunga kabati.

Wakili wa Kijiweni (#35)
Sijakubali chochote. Leteni risiti.

Fundi Nyuzi (#36)
Bibi, ya Weimar nitakujibu kesho nikitulia, hilo la gamba siliachii. Halafu wakuu, nina ombi la dhati. Tuko watu wanne Arusha tunaijaribu hiyo ya 6 kwa chelo badala ya gamba. Nyuzi za utumbo nilizoagiza kwa mbwembwe, mvua ikinyesha tu zinashuka sauti katikati ya kipande, nimezitoa. Viola ya kwanza ninayo, ya pili aliyekuwa nayo kahamishiwa kikazi Mtwara. Kuna mpiga viola humu ndani, au hata wa fidla anayekubali kubadili ufunguo? Chai na mandazi vipo, pesa hakuna.

Zumari la Mtaa (#37)
Pesa hakuna! Umeanza lini kuwa kabaila?